Gari linachemka baada ya kubadilisha kulanti: uliza kwanza linachemkia wapi

Ukimwaga kulanti (maji ya kupozea injini) ya zamani na kutia mpya hapo nyumbani, kisha gari likaanza kuchemka, usikimbilie kununua rejeta. Jiulize kwanza linachemkia wapi. Gari linalochemka kwenye foleni ya feri ya Likoni hapa Mombasa, halafu geji ikashuka likishachanganya mwendo kuelekea Ukunda, lina ugonjwa wake. Lile linalotulia mjini siku nzima halafu likapandisha joto likipanda mlima kutoka Miritini kwenda Mazeras lina ugonjwa mwingine kabisa. Watu wanabadilishiwa rejeta, pampu, hata hedi (kichwa cha injini), kumbe tatizo lilikuwa fyuzi ya feni au hewa iliyobaki ndani, na anayelipia kubahatisha huko ni mwenye gari.

Kabla ya yote, usalama. Injini ikiwa moto, kifuniko cha rejeta hakiguswi. Kazi yake ni kuubana mfumo: kile kilichoandikwa 0.9 kinashikilia shinikizo la takriban bari 0.9 zaidi ya hewa ya nje, na kwa shinikizo hilo hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukikifungua ghafla shinikizo linaondoka, na maji yaliyokuwa yametulia yanaruka kuwa mvuke usoni na mikononi mwako. Zima gari, inua boneti, ngoja mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja kizima bila kuungua, na ukiuminya uwe laini. Kwa joto letu la pwani subira hiyo ni zaidi ya nusu saa, mara nyingi inakaribia saa nzima. Wala usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemka, kwa sababu hedi ya alumini hupinda na kupasuka hivyo hivyo.

Geji inapanda siku ile ile uliyobadilisha

Hapa mshukiwa wa kwanza ni hewa. Injini ya lita 1.5, kama zile za Probox na Fielder zilizojaa mjini, inabeba takriban lita tano za kulanti. Ukifungua koki ya chini ya rejeta hazitoki zote. Nyingine hubaki kwenye bloku na kwenye kirejeta kidogo cha hita nyuma ya dashibodi. Kwa hiyo ile iliyotoka ipokee kwenye beseni na uipime. Kama zimetoka lita tatu na nusu na mpya zimeingia mbili na nusu tu rejeta ikaonekana imejaa, ile lita moja iliyokosa nafasi pahali pake pamekaliwa na hewa. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho, na wanaokifanya ni wachache.

Hewa ina dalili zake. Geji inapanda ghafla, inashuka ghafla. Nyuma ya dashibodi unasikia maji yakigugumia unapoliwasha gari asubuhi. Ukiiwasha hita mpaka mwisho, inapuliza upepo baridi wakati injini yenyewe inawaka moto. Najua Mombasa hakuna mwenye haja na hita, na kuna magari ambayo hita zake hazijawashwa tangu yashuke bandarini. Lakini hita ni sehemu ya mzunguko wa maji. Katika magari yenye vali ya hita, usipoifungua wakati wa kumwaga na kujaza, kulanti ya zamani inabaki humo na hewa inapata pahali pa kujificha.

Kuitoa hewa hakutaki mitambo. Egesha gari pua ikiwa imeinuka, kwenye mteremko au kwa kupandisha magurudumu ya mbele juu ya ngazi imara za kupandishia gari, hendibreki imevutwa na magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe. Injini ikiwa baridi, acha kifuniko wazi, weka hita kwenye joto la juu kabisa, jaza polepole sana, huku ukiuminya mpira wa juu kwa mkono. Utaona viputo vikipanda na maji yakishuka, ongeza. Washa injini, iache ingurume bila kukanyaga mafuta. Baada ya dakika kadhaa themostati, vali inayofunguliwa na joto la maji, inafunguka, maji yanashuka ghafla, unaongeza tena. Endelea mpaka feni iwake yenyewe na kuzima, na hita ipulize upepo wa moto. Kama maji yanaanza kufurika mdomoni kabla ya hapo, rudisha kifuniko na usisogeze uso karibu. Magari mengine yana skrubu ndogo ya kutolea hewa karibu na themostati au juu ya mpira wa hita. Itafute, kwa kuwa bila kuilegeza utahangaika bure. Jaza chupa ya akiba hadi mstari wa juu, kisha iangalie asubuhi inayofuata injini ikiwa baridi. Kushuka kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Ikishuka tena na tena, soma sehemu ya maji yanayopungua huko chini.

Kuna jambo la kuangalia kwa wenye magari madogo kutoka Japani yasiyo na geji, yenye taa tu. Taa ya buluu ni injini baridi, taa nyekundu ni injini iliyokwisha kuchemka. Katikati hakuna onyo. Pia kihisi cha joto kinapima maji. Maji yakiisha kabisa kinabaki hewani na kinaweza kusoma joto la chini wakati chuma kinaungua. Geji ikishuka ghafla kuliko kawaida na gari limepoteza nguvu, simama.

Maji uliyotia yalikuwa ya wapi?

Hili ndilo swali ambalo pwani linaua rejeta nyingi kuliko joto. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na bahari imetuzunguka. Maji ya visima vyetu yanabeba chokaa na chumvi kwa pamoja. Chokaa inaganda kwenye mirija myembamba ya rejeta, chumvi inaila alumini. Ya mkokoteni huwezi kujua yametekwa wapi. Kipimo cha nyumbani ni sabuni: maji yasiyotoa povu bila kuyapigania hayafai kuingia kwenye injini. Hata ya bomba yaache kwa dharura za njiani.

Chukua kulanti iliyochanganywa tayari, au nunua ile nzito na uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi ya betri, na asidi ikiingia kwenye rejeta hakuna cha kuokoa. Usitie ile nzito peke yake ukidhani unaongeza ubora. Glikoli tupu, yaani hiyo kulanti nzito, inabeba joto vibaya kuliko ikiwa imechanganywa na maji, kwa hiyo gari litapata joto zaidi.

Wengine huuliza kwa nini tununue kitu cha kuzuia barafu na hapa barafu iko kwenye friji tu. Kuzuia barafu ni kazi moja kati ya kadhaa. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu na kulinda sili ya pampu, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu chini ya kifuniko kizima hauchemki mpaka uzidi nyuzi 125. Dawa hizo huisha. Toyota kwa kulanti yake ya rangi ya waridi inaelekeza ibadilishwe mara ya kwanza kufikia kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Kenya inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, kwa hiyo gari unalolipokea bandarini linaweza kuwa bado na maji ya kiwandani, au, baya zaidi, lilishajazwa maji ya bomba na mtu aliyekutangulia. Rangi peke yake haikuambii aina, maana kila kampuni hupaka ipendavyo. Fuata kitabu cha gari, na kama hujui kilichomo, suuza mpaka yanayotoka yawe maangavu, ndipo uanze upya. Aina mbili zisizopatana zikikutana hugeuka ute mzito unaoziba mirija.

Linachemka likisimama, linapoa likitembea

Likitembea, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Likisimama, feni iko peke yake. Kwa hiyo gari la namna hii ugonjwa wake ni upepo, na kubadilisha kulanti mara tano hakutalitibu.

Mjini kwetu dalili ya kwanza haionekani hata kwenye geji, inaonekana kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi kinapuliza baridi barabarani, lakini ukikwama daraja la Nyali kinaanza kupuliza vuguvugu. Feni ile ile inayopoza rejeta inapoza na kondensa, yaani rejeta ya kiyoyozi, iliyo mbele yake, na kondensa hulalamika mapema. Ukiona hivyo, usingoje taa nyekundu.

Washa injini na kiyoyozi, nenda mbele utazame. Katika magari mengi yenye feni ya umeme, feni inapaswa kuwaka ndani ya muda mfupi. Ikiwaka kwa kiyoyozi lakini haiwaki kwa joto la injini, mota ni nzima. Tafuta kihisi cha joto na waya zake. Isipowaka kabisa, anza na fyuzi, kisha relei (swichi ya umeme), ambayo unaweza kuibadilisha kwa muda na nyingine ya aina ile ile iliyo kwenye boksi hilo hilo. Kisha chomoa soketi ya mota. Hapa chumvi ya baharini inajionyesha waziwazi: shaba imeota ukungu wa kijani, pini moja imekuwa nyeusi kwa kuungua, na plastiki imeyeyuka kidogo kuizunguka. Mota inaweza kuwa haina neno lolote, umeme ndio haufiki. Kama gari lina feni mbili, hakikisha zote zinazunguka, na kwamba zinavuta upepo kuelekea injini. Waya zikiunganishwa kinyume baada ya matengenezo, feni inapuliza mbele na kupigana na upepo wa barabara. Kipande cha karatasi mbele ya rejeta kitakuonyesha, kinapaswa kunata.

Kwenye pikapu na magari makubwa yenye feni ya kuzungushwa na mkanda, klachi ya feni ikichoka feni inazunguka kivivu hata injini ikiwa moto. Ukizima injini yenye joto na feni ikaendelea kuzunguka huru kwa muda, klachi imekwisha.

Tazama pia mapezi ya rejeta na kondensa. Wadudu, vumbi na nyuzi za mifuko hujazana katikati, pahali usipopaona mpaka umulike tochi. Yaoshe kwa maji baridi ya bomba kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa shinikizo dogo, injini ikiwa imepoa. Ukiyagusa mapezi ya chini kwa kidole yakabomoka kuwa unga, chumvi imeshayala. Hapo rejeta inabadilishwa kweli, na ni haki yake.

Linachemka barabara kuu na kwenye mlima tu

Sasa upepo upo wa kutosha, kwa hiyo tatizo ni maji kutozunguka vya kutosha. Rejeta iliyoziba ndani ndiyo inayoongoza, hasa kwa gari lililonyweshwa maji ya kisima kwa miaka. Injini ikiwa moto na imezimwa, feni imetulia, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Joto lapaswa kupungua polepole kutoka upande maji yanakoingia hadi yanakotokea. Ukipata mabaka baridi katikati ya joto, mirija ya pale imeziba.

Mpira wa chini nao unadanganya. Ukiwa umechoka, pampu ikivuta kwa kasi mpira unajifinya na kufunga njia, ukipunguza mwendo unarudi. Msaidizi apandishe mizunguko ya injini wewe ukiutazama, mbali na mkanda na feni. Mkanda unaoteleza na pampu iliyolika mapanga ni wa kufuatia.

Kuna hili la themostati. Desturi ya kuing'oa na kuitupa, ati Mombasa ni joto haihitajiki, imelidhuru gari baada ya gari. Injini imepimwa ifanye kazi kwa joto fulani. Bila themostati inabaki baridi mwendoni, inakula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Na katika injini nyingi, Toyota zikiwemo, themostati ina sahani ya pili inayofunga njia ya mkato inapofunguka. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umeitoa ili gari lipoe, na kwenye mlima ndiyo sababu linachemka.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ukiwa na kipimajoto, ining'inize kwa uzi isiguse chini, pasha moto polepole. Nambari ya joto la kufunguka imegongwa kwenye chuma chake, mara nyingi kati ya 76 na 88. Ikifunguka karibu na hapo na kujifunga ikipoa, irudishe kwa gasketi mpya. Maji yakichemka na yenyewe bado imefumba, umempata mwizi wako.

Kifuniko kichovu pia hujificha mjini na kuumbuka safarini. Mombasa tuko usawa wa bahari, maji wazi yanachemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kwa urefu wake, yanachemka karibu nyuzi 95. Gari ambalo kifuniko chake hakibani tena linaweza kuvumilia hapa, likaanza kutapika maji kwenye chupa ya akiba kadiri linavyopanda bara. Angalia mpira wa kifuniko kama una nyufa au umekakamaa, na ununue chenye nambari ile ile iliyoandikwa juu ya cha zamani, si kubwa zaidi.

Maji yanapungua na huoni yanakokwenda

Kwanza ondoa hofu ya bure. Maji safi yanayodondoka chini ya upande wa abiria baada ya safari ni ya kiyoyozi, na kwa unyevu wa hapa yanaweza kufanya kidimbwi. Yaguse. Ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu. Kulanti ina rangi, inateleza vidoleni na ina harufu tamutamu. Kipimo hicho hicho kitumie kwa zulia lililolowa miguuni pa abiria: maji matupu ni bomba la kiyoyozi limeziba, maji ya kunata yenye harufu tamu na kioo cha mbele kinachofuka ukungu wa mafuta ni hita inayovuja.

Kisha fuata madoa. Kulanti ikivuja kidogo kidogo inakauka ikiacha ganda jeupe, la waridi au la kijani. Litafute kwenye vichwa vya mipira chini ya klempu, kwenye mshono ambapo tangi la plastiki la rejeta limekutana na alumini, na chini ya pampu ya maji, ambayo ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi kutoa maji sili ikifa. Koki ya plastiki uliyoifungua siku ya kubadilisha ni ya kuangaliwa pia; huvunjika ikikazwa kwa koleo, inatosha kukazwa kwa vidole. Dawa za unga za kuziba nyufa siziungi mkono. Zinaziba ufa na mirija ya hita kwa pamoja.

Usipopata doa lolote, itazame gasketi ya hedi. Injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe kifuniko kikiwa wazi. Viputo vinavyopanda mfululizo bila kukoma, hata baada ya kutoa hewa yote, ni gesi ya mwako inayoingia kwenye maji. Mpira wa juu ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, ni dalili ya jambo lilo hilo. Moshi mweupe wa asubuhi Limuru unaweza kuwa mvuke wa kawaida wa baridi. Mombasa moshi mweupe usiokatika na wenye harufu tamu si wa kawaida. Gereji zenye vifaa zina kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na gesi hiyo. Omba kipimo hicho kabla ya kukubali hedi ifunguliwe, na ikifunguliwa ipelekwe ikapimwe unyoofu, kwani gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haikai.

Rangi ya kilichotoka

Kahawia yenye chembe ni kutu ya bloku, kumaanisha injini imekaa na maji matupu. Suuza hadi iishe na usishangae ikirudi kidogo baada ya wiki chache. Oili kwenye kijiti cha kupimia ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili na injini isiwashwe tena hata kwa kuisogeza.

Kulanti unayomwaga isiende kwenye mtaro wala uani. Glikoli ni sumu yenye ladha tamu, na paka wa Mji wa Kale, kuku na watoto hawana habari. Ifunge kwenye mtungi ulioandikwa na uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Beseni lenyewe lisirudi jikoni.

Na ukiona ndani ya rejeta ya gari la otomatiki maziwa mazito ya waridi, usilaumu kulanti. Katika magari mengi ya otomatiki mafuta ya gia yanapozwa na kijibomba kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, na kijibomba hicho kikitoboka, mafuta yanaingia kwenye maji na maji yanaingia kwenye giaboksi. Chomoa kijiti cha mafuta ya gia kama gari linacho. Yakiwa meupe-waridi badala ya mekundu yanayopitisha mwanga, gari likokotwe, lisiendeshwe hata hadi gereji ya mtaa wa pili. Maji yanabandua gundi ya sahani za klachi ndani ya giaboksi. Hapo rejeta inabadilishwa, giaboksi inasafishwa kwa mafuta mapya zaidi ya mara moja, na mfumo wa maji unasuuzwa kwa sabuni ya kuondoa mafuta kabla kulanti mpya haijaingia, la sivyo mipira yote itavimba.